Nyoka wa damu hana haraka: niliyoyaona nikiwa upande wa maabara

Mtu akigongwa na nyoka watu wote wanakimbilia kuangalia mguu. Umevimba kiasi gani, alama za meno ni mbili au moja, nyoka mwenyewe alikuwa wa rangi gani. Mimi huo mguu mara nyingi nilikuwa siuoni kwa sababu nilikuwa maabara, nilikuwa naletewa damu tu, na kwa miaka niliyokaa kwenye hospitali zinazopokea hawa wagonjwa kwa wingi nimeishia kuamini kwamba kwa kundi kubwa la nyoka mguu unakupa nusu ya habari, nusu nyingine ipo kwenye damu na huwezi kuiona mpaka uiweke kwenye glasi na uisubiri.

Naandika kwa sababu mazungumzo ya nyoka yakianza popote nasikia kitu kile kile, eti sumu ya nyoka inamaliza mtu ndani ya nusu saa, ukivuka hapo umepona. Kwa koboko sawa, huyo ana haraka, sumu yake inapiga mishipa ya fahamu na misuli ya kupumulia inasimama. Swila nao wengi shida yao ni fahamu au nyama kuoza pale walipouma. Lakini kuna hawa wengine, jamii ya kifutu, na wale wadogo wa nchi kavu wanaojikunja na kusuguanisha magamba yao mpaka wanatoa sauti ya kukwaruza, na yule wa mitini anayeitwa boomslang, na nyoka wa Russell wa kule Asia, na ndugu zao wa Amerika ya Kusini. Hawa wanacheza na damu. Mgonjwa wao anaweza kuingia hospitali kwa miguu yake, anaongea, anadai maji ya kunywa, na muda huo huo damu yake imeshapoteza kabisa uwezo wa kuganda.

Kipimo chenyewe nikikuelezea unaweza kucheka. Unachukua damu ya mshipa, mililita 2 hivi, unaweka kwenye tyubu ndogo ya glasi iliyo safi na kavu, unaisimamisha mahali tulivu kwenye joto la kawaida la chumba, unaangalia saa. Huitikisi, huichungulii kila dakika, huinami kuipuliza. Zikifika dakika 20 unailaza mara moja tu. Damu ya mtu mzima wa afya itakuwa imeshikamana, bonge limekaa chini na halisogei hata ukigeuza tyubu kichwa chini. Damu ya mtu aliyegongwa na hawa nyoka inatiririka yote mpaka mdomoni, nyekundu nzuri tu, haina hata uzi mmoja wa kuganda. Hakuna mashine, hakuna umeme, hakuna kemikali, na jibu lake ndio linaloamua mtu apewe antivenomu, yaani dawa ya kukamata sumu ya nyoka, au asubiri. Kuna vipimo vya kisasa zaidi vya kuganda kwa damu, tena vizuri sana pale vilipo, ila sehemu nyingi ambako nyoka wanauma watu hivyo vipimo havipo au vikiwepo majibu yanatoka kesho, na nyoka hasubiri kesho.

Mara ya kwanza niliyoikumbuka vizuri ni ya kijana mmoja aliyeletwa jioni na kaka yake. Kagongwa kwenye kifundo cha mguu asubuhi, mguu umevimba kidogo tu, maumivu anasema yanavumilika. Alikuwa amekaa kwenye benchi anachezea simu. Nikachukua damu, nikaweka kwenye tyubu, nikaendelea na kazi nyingine. Dakika 20 zilipofika nikailaza, damu ikamwagika yote upande wa pili. Nikatoka kwenda kumwambia daktari wa zamu, kaka wa mgonjwa akanikamata njiani.

"Dokta, huyu si yuko sawa? Tunaomba dawa za maumivu tuondoke, kwetu ni mbali."

"Mimi sio dokta kaka, ni wa maabara. Ila huyu hatoki leo."

"Mbona anaongea vizuri?"

Sikumjibu kwa maneno mengi, nikamwambia aangalie ile plasta niliyombandika mdogo wake mkononi baada ya kutoa damu. Pamba ilikuwa imelowa tepetepe na damu ilikuwa inashuka taratibu hadi kwenye kiganja, na kijana mwenyewe wala hajagundua, anaendelea na simu yake. Tundu la sindano, tundu dogo lile ambalo kwa mimi na wewe unakandamiza dakika moja tu limeziba. Kaka mtu akanyamaza, akaenda kukaa pembeni ya mdogo wake akashika ile pamba mwenyewe.

Tangu hapo nikawa na tabia, nikitoa damu ya mtu wa nyoka napita tena baada ya robo saa kuangalia nilipochoma. Na nikajifunza kutoka kwa manesi wakongwe sehemu nyingine za kuangalia. Fizi ndio za kwanza, unamwambia mgonjwa ateme mate kwenye karatasi nyeupe, ukiona wekundu basi. Kuna kidonda cha zamani ambacho kilikuwa kimeshakauka, alijikata wiki iliyopita, kikaanza kutoa damu upya bila mtu kukigusa, hiyo nimeiona kwa macho yangu kwa mama mmoja na ndio iliyomshtua kuliko hata alama ya nyoka. Mkojo kubadilika rangi, kutapika kitu cheusi, puani, weupe wa jicho kuwa na doa la damu. Kwa mama mjamzito ni habari nyingine nzito zaidi kwa sababu anaweza kutokwa damu ukeni na mimba ikaharibika.

Sasa swali ambalo wanafunzi waliokuja kujifunza maabara walikuwa wananiuliza kila mwaka ni hili: sumu inazuiaje damu kuganda? Na jibu linawashangaza kwa sababu kwa nyoka wengi sumu haizuii, sumu inagandisha. Ndio, inagandisha. Kawaida ukikatika, chembe sahani, zile chembe ndogo za damu za kuzibia, zinakimbilia kwenye tundu zinashikana, halafu kuna msururu wa protini kwenye damu zinaamshana moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho kabisa inayoitwa trombini inachukua fibrinojeni, ambayo imeyeyuka kwenye damu, inaigeuza kuwa nyuzi, na zile nyuzi ndio bonge lenyewe. Mwili unafanya hivyo pale palipokatika tu na kwa kiasi. Sumu ya hawa wadogo wenye magamba ya kukwaruza inakwenda moja kwa moja kwenye protrombini, ile inayozaa trombini, inaiamsha mwili mzima, ya boomslang hivyo hivyo, ya nyoka wa Russell inaanzia juu kidogo kwenye msururu, kwenye protini zinazoitwa faktari ya 10 na ya 5, na nyoka wengine sumu yao inajifanya yenyewe ni trombini inakwenda kula fibrinojeni bila kupitia kwa mtu. Ni kiwanda kimewashwa mashine zote kwa pamoja usiku kucha, kesho yake mteja wa kweli anakuja na malighafi hakuna. Nyuzi zinatengenezwa hovyo hovyo, mwili unaziyeyusha hapo hapo, fibrinojeni inaisha, na mgonjwa anabaki na damu ambayo ukiiweka kwenye glasi inakaa tu.

Hiyo peke yake labda isingeua watu wengi. Mtu asiye na fibrinojeni na hajakatika popote anaweza kukaa muda bila kutoa tone. Shida ni kwamba sumu hiyo hiyo, hasa ya jamii ya kifutu, ina vimeng'enya vingine vinavyotafuna kuta za mishipa midogo ya damu, vile vimishipa vyembamba kabisa, vinalegea na kuvuja. Na chembe sahani nazo zinashuka. Kwa hiyo una bomba linalovuja na huna cha kuzibia. Ndio maana mguu unavimba na kuwa mweusi, ndio maana malengelenge yanajaa maji ya damu, na ndio maana kitu tunachokiogopa kuliko vyote ni kichwa.

Kuna mzee mmoja aliletwa kwetu siku ya pili baada ya kugongwa. Alikuwa amegongwa mkononi, familia wakaona hana shida wakamwacha apumzike. Alipofika alikuwa analalamika kichwa tu, kichwa kinauma sana, mkono hata hakuutaja. Tyubu yake haikuganda. Antivenomu ikaanza kuingia lakini usiku ule ule akaanza kuongea maneno hayaeleweki, upande mmoja ukalegea, alfajiri akafariki. Damu ilikuwa imevujia kwenye ubongo, na antivenomu inaweza kuikamata sumu inayozunguka lakini haiwezi kurudisha nyuma damu iliyokwisha kumwagika ndani ya fuvu. Kwa hiyo siku hizi mtu akiniambia fulani kagongwa jana na leo anaumwa kichwa au anatapika, huwa simuulizi mguu ukoje.

Madaktari wapya wakija nilikuwa napenda kuwasimulia habari ya Karl Schmidt, maana hii ipo kwenye historia na inaeleza kila kitu. Huyu alikuwa mtaalamu mkubwa wa nyoka Chicago, Marekani. Septemba 1957 aliletewa boomslang mdogo amtambue, akamshika, akagongwa kwenye kidole gumba. Nyoka mdogo, jino moja tu ndio limeingia vizuri, na wakati ule watu walikuwa hawamhesabu boomslang kuwa nyoka wa kuua mtu mzima. Akaenda nyumbani, akawa anaandika dalili zake mwenyewe kwa utulivu kabisa, kichefuchefu, homa, fizi zinatoa damu, mkojo una damu. Asubuhi alipata nafuu akala kifungua kinywa. Mchana alikuwa amekufa, na ndani kulikuwa na damu imevuja sehemu nyingi ikiwemo kwenye ubongo. Mtu aliyewajua nyoka kuliko karibu kila mtu. Boomslang ndio bingwa wa kudanganya, dalili zake zinaweza kuchelewa saa nyingi, hata siku nzima na zaidi, kwa hiyo kipimo cha kwanza kikiwa kizuri hakina maana umruhusu mtu aende. Unarudia. Na unarudia tena.

Hapo kwenye kurudia ndipo ninapogombana na watu sana. Tyubu ya kwanza ikiganda wanashangilia wanataka ruhusa. Lakini sumu inaweza kuwa bado inatoka taratibu pale ilipochomwa, haijafika kwenye damu yote. Na kinyume chake pia, mtu amepewa antivenomu, damu ya fizi imekoma baada ya muda mfupi, anajisikia mpya, ndugu wanafunga mizigo, nikipima tyubu bado inamwagika. Hapo wanadhani dawa imeshindwa au mimi nimekosea kupima. Hakuna kilichoshindwa, antivenomu inakamata sumu tu, haileti fibrinojeni. Fibrinojeni inatengenezwa na ini, na ini lina mwendo wake, sumu ikishakamatwa linahitaji saa kadhaa, kawaida kati ya 3 na 9, kutengeneza ya kutosha kufanya bonge. Ndio sababu tunapima kila baada ya saa 6, ukipima mapema zaidi unajitia presha bure. Zikipita saa 6 na bado haigandi kabisa, maana yake kuna sumu nyingine bado inakula ile fibrinojeni mpya kila inapotoka kwenye ini, na daktari anaongeza dozi.

Nina picha moja ya hiyo kazi ya usiku ambayo naipenda. Tyubu ya kwanza damu tupu. Ya saa 6 baada ya dawa, ukiilaza inajikusanya kidogo, kuna kitu laini kinatetemeka chini halafu kinavunjika vipande na damu inapita pembeni yake. Hiyo bado, hiyo wala usimwambie mtu imeganda. Ya saa 12, bonge limekaa, nageuza kichwa chini halianguki, na pembeni yake kuna maji ya njano safi yanaanza kujitenga. Nilikuwa nabeba ile tyubu mwenyewe hadi wodini kumwonyesha daktari badala ya kuandika kwenye fomu, na nesi wa usiku alikuwa ananisema eti unatembea na damu za watu kama umeshinda kombe.

Sasa kuhusu glasi. Hii ni mada ya kwangu kabisa niruhusuni niseme. Damu inaanza kuganda ndani ya tyubu kwa sababu imegusa glasi, uso wa glasi ndio unaoamsha ule msururu. Tyubu ya plastiki haiamshi vizuri. Glasi iliyooshwa kwa sabuni ya unga nayo haiamshi, sabuni inabaki kwenye ukuta na kuharibu kila kitu. Kuna hospitali moja nilihamishiwa nikakuta kila anayeletwa na nyoka kipimo kinasema damu haigandi, kila mtu, hata aliyegongwa na kijinyoka kisicho na sumu, na antivenomu inatumika hadi inaisha stoo. Nikaomba kaka mmoja aliyemsindikiza mgonjwa, mzima wa afya, nikamtoa damu nikaweka kwenye tyubu zao. Haikuganda. Yaani kwa kipimo kile huyo kaka naye alitakiwa alazwe. Kumbe tyubu zilikuwa zinaoshwa kwa sabuni na kurudiwa matumizi. Tukaleta mpya za glasi, shida ikaisha siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiwa unapima, kila mara weka na tyubu ya mtu mwenye afya pembeni, ikiwa ya huyo haijaganda tatizo ni tyubu.

Na usikiamini kipimo hiki peke yake moja kwa moja, maana kuna watu damu inaganda vizuri na bado mguu unaoza, au wanashindwa kupumua. Kipimo kinajibu swali moja tu.

Mambo ambayo ndugu wanaomba na sisi tunakataa, na wanatuona wabaya. La kwanza damu. "Si anatokwa damu, mwekeeni damu, tupo hapa tutatoa sisi." Nawaelewa, ni upendo. Kama amepoteza nyingi ataongezewa kweli. Lakini sumu ikiwa bado ipo, fibrinojeni yoyote utakayomwongezea, iwe ya damu nzima au ya plazma, yale maji ya damu yenye protini, inaliwa hapo hapo na sumu ile ile. Antivenomu kwanza. La pili ni vitamini K, hii hata baadhi ya wahudumu wanaichoma kwa mazoea kwa sababu wanajua inahusika na kuganda, wakati ini la huyu mgonjwa halina upungufu wa vitamini yoyote, linafanya kazi vizuri tu. La tatu ni dawa za kuzuia damu kuganda kama heparini, kuna kipindi watu walifikiri kwa vile sumu inagandisha basi uzuie kuganda, haisaidii na inaweza kumwongezea mtu kutokwa damu. Dawa za maumivu, parasetamoli sawa, lakini aspirini, diklofenaki na ibuprofeni hapana maana zinazidi kuziharibu chembe sahani. Na sindano za misuli, jamani sindano za tako kwa mtu ambaye damu haigandi, nimeona uvimbe wa damu ukubwa wa ngumi kwenye tako la mtoto kwa sababu alipita kwenye zahanati akachomwa ya kutuliza kabla ya kufika kwetu.

Hiyo ndio sababu pia ya kuwaambia watu wasichanje pale nyoka alipouma. Ukimchanja mtu wa koboko umempotezea muda, lakini ukimchanja mtu ambaye damu haigandi umemfungulia bomba. Nilimpokea binti mmoja kachanjwa chale nyingi kuzunguka alama za meno, zile chale ndizo zilizomtoa damu hadi akaishiwa nguvu, alama za nyoka zenyewe zilikuwa zinachuruzika kidogo tu. Kamba ya kubana nayo iacheni. Mtu atulie, mguu usitikisike, pete na bangili zivuliwe kabla ya kuvimba, apelekwe hospitali. Basi.

Kitu kingine kilichonichukua muda kuelewa ni kwamba antivenomu sio dawa moja. Inatengenezwa kwa kumchoma farasi au kondoo sumu kidogo kidogo mpaka damu yake itengeneze kinga, halafu kinga ile inachukuliwa. Wazo ni la zamani, Calmette wa Ufaransa alikuwa nalo tangu miaka ya 1890. Lakini kinga ile inatambua sumu ya nyoka waliotumika kwenye ile kazi. Nyoka akiwa ndugu yake wa bara lingine inaweza isimtambue kabisa, hata kama jina kwenye chupa linafanana. Ghana kwenye miaka ya 2000 walibadilisha antivenomu wakaleta nyingine ambayo haikuwafaa nyoka wa kwao, na kwenye hospitali iliyofuatilia, vifo vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi asilimia 12.1. Kwa maabara hiyo unaiona mapema kuliko mtu mwingine yeyote, chupa zinaisha na tyubu hazigandi, saa 6, saa 12, bado. Boomslang ana antivenomu yake peke yake inayotengenezwa Afrika Kusini, zile za mchanganyiko hazimgusi. Na yule mwembamba wa mitini anayefanana na kijiti, sumu yake inafanya kazi ile ile lakini antivenomu hana kabisa, hapo mnabaki na kumpa plazma na kuomba Mungu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 5.4 wanaumwa na nyoka kila mwaka na kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa, na ilikuwa mpaka 2017 ndio wakarudisha jambo hili kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika. Wengi ni watu wa shambani na watoto. Kwa watoto kuna swali naulizwa sana, dozi ya mtoto ni nusu? Hapana, ni ile ile ya mtu mzima. Nyoka hapimi uzito kabla ya kuuma, ameingiza sumu ile ile kwenye mwili mdogo.

Sio wote wanaotokwa damu pia. Kisiwa cha Martinique kule Karibi kuna nyoka ambaye wagonjwa wake wanapata kinyume, damu inaganda mahali isipotakiwa, mtu anapigwa na kiharusi cha mshipa kuziba. Nyoka wa Russell anaweza kuharibu figo, na kwa wengine anaharibu ile tezi ndogo chini ya ubongo, mtu anapona nyoka halafu miezi baadaye hana nguvu, nywele zinapukutika, hedhi imekatika, na hakuna anayeunganisha.

Halafu kuna hili ambalo linanifurahisha mpaka leo. Sumu hizi zinazotuamsha usiku zipo kwenye makabati ya maabara na famasi. Mwaka 1934 madaktari Uingereza walijaribu sumu ya nyoka wa Russell kuzibia vidonda vya wagonjwa wa himofilia, ugonjwa wa kuzaliwa nao ambao damu haigandi vizuri, na mpaka leo sumu yake iliyochujwa tunaitumia kwenye kipimo cha kutafuta kinga fulani zinazofanya watu wagande damu hovyo. Kaptopril, kidonge cha presha kilichoidhinishwa 1981, wazo lake lilitoka kwenye sumu ya nyoka wa Brazil. Tirofiban wanayopewa watu wa moyo, hiyo imetokana na kusoma sumu ya wale wale wenye magamba ya kukwaruza. Kuna siku niliwaambia hivyo ndugu wa mgonjwa aliyekuwa amelazwa kwa nyoka, baba yao anatumia kaptopril, wakaniangalia wakadhani nawatania.

Mgonjwa akishapona na tyubu zimeganda mara mbili mfululizo, kuna mambo ya kumwambia kabla hajaondoka ambayo mara nyingi yanasahaulika kwenye furaha ya ruhusa. Akiona damu popote, au kichwa kikimuuma kisicho cha kawaida, arudi haraka, maana kuna wachache ambao sumu iliyobaki kwenye kidonda inaingia upya kwenye damu baada ya antivenomu kupungua mwilini. Kung'oa jino na upasuaji mwingine wowote wa hiari asubiri kwanza. Na kuanzia siku chache hadi wiki mbili hivi baada ya antivenomu anaweza kupata homa, viungo kuuma na vipele vinavyowasha mwili mzima, huo ni mwili unazijibu zile protini za farasi, unatibika vizuri kwa dawa za kawaida, ila aende na karatasi inayoonyesha alipewa antivenomu gani na lini, kwa sababu daktari atakayemkuta huko hajui habari ya nyoka na ataanza kutafuta ugonjwa mwingine kabisa.